Je, Jiwe Hili Limewahi Kuguswa na Sumaku?

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Mtafiti anayechunguza usumaku wa kale aliomba gramu mbili za kondriti moja, aina ya kimondo cha mawe, iliyoko droo ya kumi na nne. Alieleza atakavyoikata, vipimo atakavyofanya na siku atakayorudisha kitakachobaki. Mwishoni akauliza jambo ambalo katika miaka yangu yote ya kutunza vimondo vya chuo sikuwahi kuulizwa: je, jiwe hili limewahi kuguswa na sumaku?

Sikuhitaji kufungua daftari ili kujibu. Limeguswa, na mkono ulioligusa ni huu ninaoandikia.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa jiolojia, mwaka wa pili, nimepewa kazi ya saa chache kwa wiki: kufuta vumbi kwenye makabati na kulinganisha mawe na orodha. Ndani ya droo ya meza kulikuwa na sumaku ndogo yenye rangi ya fedha, upana wake kama kifungo cha shati, lakini ikishanasa kwenye koleo huwezi kuibandua kwa ukucha. Kila aliyefanya kazi chumba kile aliitumia. Vimondo vingi vina chuma, hata vile vya mawe, kwa hiyo njia ya haraka ya kumwonyesha mgeni kwamba jiwe hili si la kawaida ilikuwa kulisogezea sumaku aone inavyonasa. Siku hiyo nilikuwa peke yangu. Nilipita droo moja hadi nyingine, jiwe baada ya jiwe, nikisikiliza ule mlio mdogo wa “tak”. Nilihisi kama mawe yananiitikia salamu. Nilifanya hivyo kwa muda wa saa mbili hivi, nikiwa na furaha tele.

Sikujua nilichokuwa nikikifuta. Ndani ya kimondo mna chembe za madini yenye chuma, na chembe hizo hubeba kumbukumbu ya uga wa sumaku uliokuwepo jiwe lilipokuwa likipoa, au lilipogongwa, au maji yalipolipitia na kuyabadili madini yake. Kwa kumbukumbu hiyo wataalamu wanaweza kuuliza kama asteroidi (mwamba wa angani unaozunguka Jua) ambayo jiwe lilimeguka kutoka kwake iliwahi kuwa na kiini cha chuma kilichoyeyuka na kuzunguka, au kama wingu la gesi na vumbi lililozaa sayari lilikuwa na uga wake lenyewe. Kumbukumbu hiyo ni dhaifu mno. Sumaku kali ya mkononi, ikigusa jiwe, ina nguvu maelfu ya mara kuliko uga wa Dunia. Sekunde moja inatosha kuandika upya juu ya maandishi ya miaka bilioni nne na nusu.

Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti kuhusu NWA 7034, jiwe jeusi kutoka Mirihi lililookotwa Sahara. Ni miongoni mwa mawe yanayothaminiwa sana duniani, kwa sababu ndani yake mna chembe za madini ya zirkoni zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 4.4, na zamani hizo Mirihi ilikuwa na uga wa sumaku ambao sasa haupo tena. Ni mawe machache mno ambayo yangetueleza habari za uga ule kwa ukale kama huo. Watafiti walipopima vipande vyake walikuta vimeshasumakishwa upya na sumaku za mkono, zile zile ambazo wawindaji na wafanyabiashara wa vimondo hutumia kutambua mali yao. Niliposoma habari hiyo nilifunga kompyuta nikakaa kimya. Nilikuwa nimefanya kosa hilo hilo katika chumba ambacho kazi yake pekee ni kulinda.

Chumba chenyewe si kikubwa. Kina makabati ya chuma yenye droo pana zisizo na kina kirefu, meza moja, mizani inayosoma hadi elfu moja ya gramu, na masanduku mawili ya kioo yenye naitrojeni kavu kwa mawe yanayochukia hewa. Mtu akiingia mara ya kwanza huona mawe meusi na ya kahawia, basi. Uzuri wake unajificha, na lazima uoneshwe.

Lugha yetu nayo ina jambo lake hapa. Neno letu ni moja: kimondo ni ule mwanga unaochora mstari angani usiku, na kimondo ni lile jiwe linalobaki mkononi. Kwenye mazungumzo halina shida. Kwenye daftari la usajili nililazimika kujifunza kutenganisha, maana kuna vimondo vilivyoonekana vikianguka, vyenye tarehe na pengine saa, na kuna vilivyookotwa tu, ambavyo huenda vilikaa ardhini miaka elfu nyingi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Jiwe lililookotwa siku ileile bado halijanywa mvua wala kupitiwa na bakteria wa udongo.

Kipande cha kwanza nilichokipenda kilikuwa cha Gibeon, kimondo cha chuma cha Namibia. Kilikatwa bamba jembamba, kikasuguliwa mpaka kikang'aa kama kioo, kisha kikapakwa asidi ya naitriki iliyochanganywa na alkoholi. Asidi huula utepe mmoja wa chuma haraka kuliko mwenzake, na ghafla uso unaotazama unajaa mistari inayokatizana kwa pembe, kama mkeka uliosukwa kwa nyuzi za fedha. Mistari hiyo huitwa ya Widmanstätten, kwa jina la bwana wa Vienna aliyeiona mwaka 1808, ingawa William Thomson alikuwa ameshaichapisha kutoka Naples mwaka 1804. Ni aina mbili za mchanganyiko wa chuma na nikeli, moja yenye nikeli chache na nyingine yenye nyingi, zilizojitenga ndani ya chuma kigumu kilipokuwa kikipoa. Chuma cha Gibeon kilipoa kwa nyuzi joto mia au elfu chache tu kwa kila miaka milioni moja. Hakuna tanuri duniani linaloweza kuiga hilo, kwa sababu hakuna fundi mwenye muda huo. Nilipoelewa maana ya kile nilichokuwa nimeshika, niliketi.

Kipande cha pili nilikiona kupitia hadubini. Jiwe hukatwa, hubandikwa kwenye kioo, kisha husuguliwa mpaka unene wake ufike sehemu thelathini za elfu moja ya milimita, hapo mwanga hupita. Kondriti ambayo mezani ni ya kijivu kama saruji, chini ya vichujio viwili vya mwanga hugeuka bustani: madini ya olivini ya buluu, ya waridi, ya manjano kali. Katikati yake mna matone ya mviringo, kondruli, yaliyokuwa mvua ya mawe yaliyoyeyuka yakielea kabla ya sayari kuwepo. Moja yao ilikuwa na michirizi iliyonyooka kama meno ya kitana. Niliitazama mpaka mlinzi akaja kuniambia jengo linafungwa.

Mwalimu wangu, profesa aliyeutunza mkusanyiko huo kabla yangu, hakunikaripia hata mara moja kwa sauti ya juu. Alikuwa mama mpole mwenye kurudia neno mpaka liingie. Siku nilipotaka kuinua Gibeon kwa vidole vitupu alinishika kifundo cha mkono.

“Mwanangu, jasho lina chumvi.”

Aliishia hapo. Maelezo niliyapata miezi kadhaa baadaye, msimu wa unyevunyevu, nilipofungua droo ya vyuma nikakuta kimondo kimoja kimetoa matone. Yalikuwa madogo kama vichwa vya pini, ya rangi ya kahawia iliyokolea, yametuna juu ya uso uliokuwa uking'aa. Kloridi iliyomo kwenye chumvi huingia kutoka ardhini au kwenye vidole, hukutana na unyevu wa hewa, chuma huanza kuliwa, na kutu ikishatengenezwa kloridi huachiliwa ikaendelee kula mbele. Punje za silika za kunyonya unyevu zilizokuwa ndani ya droo zilishajaa maji na hakuna aliyezibadilisha. Ratiba ya kuzibadilisha ilikuwa mikononi mwangu. Tulikiosha kwa alkoholi, tukakikausha kwenye joto la taratibu kwa siku nyingi, tukakirudisha kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kona moja ilikuwa imeshaachia, ikabaki magamba kwenye karatasi. Magamba hayo tuliyapima na kuyahifadhi pia, yakapewa namba.

Ni kwenye namba ndipo nilipojifunza zaidi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na nadhani walikuwa wanazungumzia duka. Lakini sijaona mahali inapouma kama kwenye droo ya vimondo. Tulipohamisha makabati kwenda ghorofa nyingine, gundi ya lebo za zamani ilikuwa imekauka. Nilifungua trei nikakuta mawe mawili ya kijivu yenye ganda jeusi la kuungua, na lebo mbili zimelala katikati yao kama majani yaliyopukutika. Moja lilianguka mbele ya mashahidi, lina tarehe. Jingine liliokotwa jangwani. Lipi ni lipi?

Nilikimbilia mizani nikiwa na hakika litakuwa jambo la dakika tano. Daftari lilikuwa na uzito wa kila jiwe. Lakini hakuna hata jiwe moja lililolingana na uzito wake. Kuna mtu, zamani, alikata kipande kutoka kila moja na hakuandika. Sijui kilikwenda wapi, sijui kwa utafiti gani. Huenda matokeo yake yamechapishwa mahali, na huenda yangetusaidia.

“Jiwe halina mdomo,” Mwalimu alisema alipoona uso wangu. “Mdomo wake ni hii karatasi.”

Tuliyatambua hatimaye. Moja lilisajiliwa kuwa kondriti ya kundi la H, lenye chuma kingi, na jingine la kundi la L, lenye chuma kidogo zaidi. Tulimega kijipande kutoka kila jiwe, tukakitengeneza kwa hadubini, kisha kwa mashine ya miale ya elektroni tukapima kiasi cha chuma kilichomo ndani ya olivini. Katika kundi la H, ambalo chuma chake kingi kimo kama chuma tupu nje ya olivini, kiasi hicho huwa chini, katika L huwa juu, na makundi hayo mawili hayachanganyikani. Jibu lilikuwa wazi. Gharama yake ilikuwa karibu nusu gramu ya kila jiwe na wiki tatu za watu wawili, kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hakuandika mstari mmoja.

Leo tungefanya bila kumega chochote. Kuna kifaa kidogo cha kupima jinsi jiwe linavyoitikia uga dhaifu wa sumaku, dhaifu kiasi kwamba haufuti chochote. Kundi la H huitikia kwa nguvu kuliko L, na tofauti huonekana kwa sekunde chache. Ninakipenda kifaa hicho. Kinauliza swali lile lile nililouliza kwa sumaku yangu, lakini kwa adabu.

Nikiwaeleza wanafunzi wapya umuhimu wa kuandika, huwa nawapa habari ya Almahata Sitta. Tarehe 6 Oktoba 2008, darubini iliyoko Arizona iliona asteroidi ndogo, kipenyo chake kama mita nne, ikija moja kwa moja. Ilikuwa mara ya kwanza kitu cha angani kuonekana kabla hakijaigonga Dunia. Saa kama ishirini baadaye, alfajiri ya tarehe 7, kilipasuka juu ya jangwa la Nubia kaskazini mwa Sudan. Wengi walidhani hakuna kilichobaki. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum pamoja na mwanaastronomia Peter Jenniskens waliwapeleka wanafunzi na wafanyakazi wa chuo jangwani mwezi Desemba. Walijipanga mstari, wakatembea wakitazama mchanga. Mawe yakaanza kuonekana, meusi juu ya ardhi nyeupe. Jina walilolipa linatokana na kituo cha reli kilichokuwa karibu, Kituo cha Sita, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa neno la mwisho.

Walikusanya mamia ya vipande, jumla kama kilo kumi. Kila kimoja kiliandikiwa mahali kilipookotwa, na vilitunzwa kimoja kimoja, havikumwagwa ndani ya mfuko mmoja kwa kudhani vyote ni kitu kimoja. Kwa sababu hiyo maabara ziliweza kuona jambo lisilotarajiwa: vipande vingi vilikuwa vya aina iitwayo ureiliti, lakini kati yao kulikuwa na kondriti za aina kadhaa tofauti. Asteroidi ile moja ilikuwa rundo la mabaki ya miili mbalimbali yaliyoshikana. Laiti vipande vingechanganywa, au laiti mtu angevitupa vile “visivyofanana” akidhani ni mawe ya jangwa, tusingejua. Wanafunzi wangu hunyamaza nikifika hapo. Waliofanya kazi ile walikuwa na umri wao.

Kukata nako ni somo la peke yake, na hapa nitasema wazi kwamba nimekuwa mkali kuliko wenzangu wengi.

Kabla ya msumeno kuwashwa, jiwe hupigwa picha kila upande na kupimwa. Ubao mwembamba wa almasi ndio hutumika, au uzi wa almasi kwa mawe dhaifu. Ubao wenyewe unakula: pale unapopita, karibu milimita moja ya jiwe hugeuka vumbi. Vumbi hilo hukusanywa ndani ya chupa. Baada ya kazi unapima kila kitu, vipande, makombo, vumbi, unajumlisha, na tofauti kati ya jumla na uzito wa mwanzo unaiandika kuwa imepotea. Kondriti za kaboni hatuzikati kwa maji, maana maji huyeyusha chumvi zilizomo na kugusa misombo ya kikemia tunayoitafuta. Siku ya kwanza Mwalimu aliponiachia msumeno nilichukua saa nzima kuamua nianzie wapi. Hakuniharakisha. Mkato ukishapita haurudi.

Kwa hiyo mtu akiomba sampuli, swali langu la kwanza ni kama jibu lake linaweza kupatikana kwenye kipande kilichokwisha kukatwa. Binti mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, aliomba gramu kumi kutoka jiwe la gramu thelathini na nane. Mpango wake ulikuwa mzuri, nami niliusoma mara mbili. Lakini gramu kumi ni zaidi ya robo ya jiwe. Nilimpa vioo vitatu vya hadubini vilivyokuwa kabatini tangu kabla hajazaliwa, na mfuko mdogo wa makombo yaliyobaki kwenye mkato wa zamani, sehemu nne za kumi za gramu. Hakufurahi, na hakuficha. Mwaka ulipopita aliniandikia kwamba makombo yalimtosha na yakabaki, na akarudisha yaliyobaki yakiwa yamefungwa kwenye karatasi ya alumini na kuandikwa uzito. Nilimheshimu sana kwa uzito ule.

Mgeni akiniuliza mawe haya tunayawekea nini, humtajia Murchison. Kimondo hicho kilianguka Australia tarehe 28 Septemba 1969, zaidi ya kilo mia moja zikaokotwa. Mwaka uliofuata watafiti wakatangaza wamepata ndani yake amino asidi zilizoundwa nje ya Dunia. Mtu angeweza kusema kazi imekwisha. Mwaka 2010 wenzao, wakiwa na mashine za kupima uzito wa molekuli ambazo mwaka 1969 hazikuwepo, wakaona ndani ya jiwe lile lile fomula tofauti zaidi ya 14,000 za molekuli za kaboni. Mwaka 2020 wengine wakapima chembe za silikoni kabidi zilizotolewa humo, vumbi la nyota zilizokufa kabla Jua halijawaka, na umri wa zile kongwe zaidi ukakadiriwa kufika miaka kama bilioni saba. Dunia yetu ina bilioni nne na nusu. Vumbi hilo lilikuwa ndani ya jiwe siku zote, likisubiri mtu mwenye chombo. Kama waliolipokea mwaka 1969 wangeligawa lote kwa maswali ya mwaka 1969, watu wa 2020 wangekuta droo tupu.

Hata umri huo wa Dunia tuliupata kwa njia hii. Mwanajiokemia wa Marekani, Clair Patterson, alipima madini ya risasi yaliyomo ndani ya vimondo vitano, kikiwemo chuma cha Canyon Diablo kutoka Arizona, na mwaka 1956 akatoa hesabu ya miaka bilioni 4.55. Hesabu hiyo haijatikiswa mpaka leo. Shida yake kubwa ilikuwa uchafu: risasi ilijaa hewani, kwenye vumbi, kwenye vyombo, na kila alipopima alikuta nyingi kuliko inavyowezekana. Alilazimika kusafisha maabara kwa namna ambayo haikuwa imezoeleka ndipo namba zikatulia. Ninapomwona mwanafunzi amechoshwa na glavu, humsimulia hilo.

Kuna wanaoleta mawe pia. Hawa ni wengi kuliko watafiti, na karibu wote wameokota kitu kingine: takataka za tanuri la chuma zenye matundu, au madini ya chuma ya kawaida. Kimondo cha kweli ni nadra sana kuwa na matundu, na ganda lake la kuungua ni jembamba, chini ya milimita moja, kama rangi iliyopakwa. Mzee mmoja alileta jiwe lililofungwa kwenye kitambaa. Alisema baba yake aliliokota baada ya usiku wa mwanga mkubwa. Nililikwaruza kidogo nyuma ya kigae kisichopakwa vanishi, likaacha mstari wa rangi ya damu kavu. Hematiti, madini ya chuma ya kawaida.

“Mzee wangu, hili ni jiwe la hapa hapa duniani,” nilimwambia.

Alilitazama kitambo. “Na mwanga je? Baba hakuwa mtu wa uongo.”

“Mwanga naamini aliuona. Pengine jiwe lake liko pale pale bado, na hili lilikuwa jirani yake.”

Alicheka taratibu, akalifunga. Nilimwandikia karatasi yenye uzito, aina ya jiwe, na maneno ya baba yake kama alivyoyasimulia, pamoja na msimu na upande ambao mwanga ulielekea. Nakala niliiweka kwenye faili. Siku moja mtu anaweza kuokota kitu upande huo.

Jiwe likithibitishwa kuwa kimondo kipya, halipati jina rasmi mpaka sehemu yake iwekwe kwenye taasisi inayotunza: gramu ishirini, au asilimia ishirini kama jiwe ni dogo, kulingana na kipi ni kidogo. Ndivyo Chama cha Vimondo cha kimataifa kilivyoamua. Ninaiona kanuni hiyo kuwa ya haki. Anayelipata anaweza kuliuza au kubaki nalo, lakini sehemu fulani inabaki mahali ambapo yeyote mwenye swali zuri anaweza kuifikia.

Kwa yule mtafiti wa usumaku nilijibu siku hiyo hiyo. Nilimweleza kwamba jiwe la droo ya kumi na nne liliguswa na sumaku kali, mwaka gani, mara ngapi kadiri ninavyokumbuka, na upande upi. Nikamweleza pia kwamba kimondo hicho kiligawanywa kilipoanguka, na kwamba taasisi nyingine ina kipande ndugu kilichofungwa tangu kilipopokewa. Nilimpa anwani ya kuandikia. Alijibu kwa shukrani, akasema wengi huandika “haijulikani”, na neno hilo humgharimu miezi.

Wiki iliyofuata niliongeza safu mpya kwenye daftari la usajili na kwenye kompyuta, kichwa chake neno moja: sumaku. Nilianza droo ya kwanza. Mawe mengi yamepata “ndiyo”. Mengine nimelazimika kuandika “huenda”, nikiongeza miaka ambayo sumaku ile ilikuwa ndani ya meza. Pale nilipokumbuka mkono wangu, nimeandika jina langu na tarehe ya wiki ile ya kwanza. Sumaku yenyewe iko ukumbini sasa, imefungwa kwa kamba karibu na kipande cha chuma tulichokitenga kwa maonyesho, na watoto wanaokuja kutembelea huibandika na kuibandua watakavyo.

Mwezi uliopita tulipokea jiwe dogo, gramu 63.218, lililookotwa siku tatu baada ya kuonekana likianguka. Lilikuja ndani ya chupa ya kioo, limezungushiwa karatasi ya alumini. Aliyelileta nilimuuliza kabla hajakaa: umeligusa na chochote? Akasema hapana, alisoma mahali kwamba haifai. Nilivaa glavu, nikalipima mara tatu, nikaliweka kwenye sanduku la naitrojeni, nikafungua daftari. Kwenye safu ya mwisho nikaandika “hapana”, nikatia sahihi.